Hesabu Iliyosomea Milimani

MTAFITI: Mama, nyanya zako zina jeni zipatazo 35,000, na ramani yao yote, yaani jenomu, ilichapishwa Mei 2012. Viazi vilitangulia kwa miezi kumi, Julai 2011, navyo vina kama 39,000. Mimea hii ni ndugu wa tumbo moja: seti yao ya msingi ni kromosomu 12 kwa 12, na ugonjwa unaomjua mmoja mara nyingi unamjua na mwenzake. Anayetafuta mbegu bora leo hana haja ya kupapasa gizani kama walimu wetu walivyopapasa.

MKULIMA: Jeni mnazo nyinyi, mnyauko ninao mimi. Grinihausi yangu hapa Tuala, Kajiado, ni ya mita 8 kwa 30. Msimu uliopita nilipanda miche 500. Nyanya zilipoanza tu kubeba, asubuhi moja nikakuta kumi zimelala kama zilizokatwa na mtu usiku, na majani bado ya kijani. Nikakata shina, nikalitumbukiza kwenye gilasi ya maji. Likatoa uzi mweupe kama maziwa. Wiki tatu baadaye nilikuwa nang'oa kwa toroli. Na pakiti ya mbegu ilisema zinastahimili mnyauko! Sasa nieleze, kati ya hizo jeni 35,000, ni ipi iliyokuwa zamu siku hiyo?

MTAFITI: Hakuna moja, mama, na hapo ndipo penye ugumu. Uzi ule mweupe ni bakteria aitwaye Ralstonia, ndiye huyo huyo anayenyausha viazi Nyandarua. Magonjwa mengine ya nyanya yana jeni moja yenye nguvu ya kuyazuia. Virusi vya kukunja majani vina jeni ya Ty-1, iliyotolewa kwa nyanya pori ya Chile. Mnyauko haukubali dawa ya namna hiyo. Iko nyanya ngumu inayoitwa Hawaii 7996, ambayo watafiti wameichambua kwa miaka. Nguvu zake zimetawanyika, sehemu kubwa zikiwa kwenye kromosomu ya 6 na ya 12. Ukiichanganya na nyanya ya soko, unapata watoto wagumu wenye matunda madogo yasiyouzika, ama watoto wenye matunda mazuri wanaokufa. Kwa macho huwezi kujua ni mche upi umebeba vyote viwili. Kwa kusoma DNA ya jani la mche wa wiki mbili, unajua. Unatupa 990, unabaki na 10.

MKULIMA: Kwa hiyo pakiti ilinidanganya.

MTAFITI: Pakiti ilisema "kustahimili". Katika lugha yetu kustahimili si kutougua. Ni kuchelewa kufa.

MKULIMA: Katika lugha yangu kuchelewa kufa ni kufa.

MTETEZI: Kabla hamjafika mbali, daktari, watenganishie watu hawa mambo mawili. Hapa Kajiado mtu akisikia "jeni" anasikia "GMO", na akisikia GMO anafunga mlango. Mimi nina ugomvi na nyinyi, ila sitaki ugomvi wangu ujengwe juu ya kutoelewana.

MTAFITI: Asante, mwalimu. Kusoma jeni si kuingiza jeni. Mfugaji wa hapa akitaka fahali wa Sahiwal haangalii pembe tu. Anauliza mama yake alitoa maziwa kiasi gani, dada zake wanazaa kila mwaka au wanaruka. Anasoma ukoo. Na sisi tunasoma ukoo, tofauti ni kwamba tunausomea ndani ya jani badala ya kwenye kumbukumbu za mzee. Kisha tunachukua chavua kwa brashi na kupaka ua jingine, kama ilivyofanywa miaka yote. Mche unaotoka hapo hauna kitu kilichoingizwa na maabara.

MTETEZI: Na kuhariri? Mkasi ule wa jeni uliowapa Doudna na Charpentier Nobeli mwaka 2020, nao ni kusoma ukoo?

MTAFITI: Hapana, huo ni kukata. Japani wanauza tangu 2021 nyanya iliyohaririwa ili iwe na GABA nyingi, kitu kinachosemekana kusaidia shinikizo la damu. Kenya ilitoa mwongozo wake wa kuhariri jeni mwaka 2022: kama mwishoni hakuna jeni ya kigeni iliyobaki ndani, mmea unaweza kuangaliwa kama mbegu ya kawaida. Mimi mwenyewe situmii mkasi. Situmii si kwa sababu naogopa, ila kwa sababu mnyauko hauna mahali pamoja pa kukata.

MWANDISHI: Naingilia hapa kwa ajili ya tarehe, maana kila mtu Kitengela ana zake. Baraza la mawaziri lilipiga marufuku vyakula vya GMO Novemba 2012. Baraza jingine likaiondoa marufuku hiyo tarehe 3 Oktoba 2022. Kesi zikafuata, moja ikatupwa Oktoba 2023, kisha Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikatoa amri ya kusimamisha mambo tena. Mbegu ya nyanya iliyochaguliwa kwa kusoma DNA haikuguswa na lolote kati ya hayo. Ipo dukani, na ilikuwepo tangu zamani. Wanaoandamana dhidi ya jeni wakirudi nyumbani hukata kachumbari yenye Ty-1 ndani yake, na sisemi hivyo kuwacheka, maana hakuna aliyewahi kuwaambia.

MTETEZI: Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Hakuna aliyewaambia. Pakiti ina picha ya nyanya nyekundu, jina la Kizungu na herufi F1. Haielezi imetolewa wapi, wala ukoo wake ni upi.

MUUZA CHIPSI: Mimi niulize swali la mtu wa mafuta. Hizo nyanya zenu mnazozisoma, mbona hazina ladha? Nakata kachumbari, naweka chumvi, ndimu, pilipili, dhania, na bado ni kama natafuna plastiki. Ngozi ngumu kama mpira wa kikapu. Mteja anaiacha pembeni ya sahani.

MTAFITI: Uko sahihi, na jenomu ndiyo iliyotukamata. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walionyesha kosa ambalo wazalishaji wa mbegu walilifanya kwa miaka karibu 70 bila kujua. Walipenda nyanya inayoiva sawasawa, isiyo na bega la kijani karibu na kikonyo. Wakaichagua, wakaichagua, wakaichagua. Kumbe bega lile la kijani lilikuwa kiwanda cha sukari. Jeni waliyokuwa wakiitupa ndiyo inayolisaidia tunda kutengeneza utamu wake. Bila kusoma jenomu tungeendelea kulaumu mbolea.

MUUZA CHIPSI: Sasa mmejua. Mmeirudisha?

MTAFITI: Mbegu zenye ladha zipo. Broka ndiye asiyezitaka. Nyanya laini haifiki Wakulima Market ikiwa nzima, wala haivumilii kreti mbili juu yake kutoka Loitokitok.

MKULIMA: Mwaona? Kila nikiuliza jeni, jibu linaishia kwa broka.

MTETEZI: Si ajabu, mama, maana swali la kwanza la mbegu si "tunaweza?" Ni "nani aliagiza?" Waliotaka ngozi ngumu walikuwa na pesa za kuagiza. Wewe uliyetaka mmea usiokufa uliagiza kwa nani?

MTAFITI: Mwalimu, hilo ni la haki nusu. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, kina ofisi Nairobi, kinafanya kazi na taasisi ya utafiti ya KALRO Tigoni, na hakiuzi mbegu kwa faida. Kituo cha mboga cha dunia kina tawi Arusha. Nyanya ya Tengeru 97 ilitoka kule, si haibridi, na mkulima anaweza kuhifadhi mbegu yake akitaka. Na ikiwa mnataka mfano wa kuagizwa na joto la Kajiado, kuna kiazi cha Unica. Kilitolewa Kenya mwaka 2016 kwa ajili ya maeneo ya chini kama haya, mahali ambapo kiazi cha kawaida kinaota majani mazuri kisha chini hakuna kitu.

MKULIMA: Nakijua. Nilipanda robo eka kando ya mto, nikapata viazi. Si vingi, lakini vilikuwa viazi. Nikapeleka kwa huyu kijana.

MUUZA CHIPSI: Mama, kwa heshima, nilikuambia. Mteja anataka Shangi. Shangi inaiva upesi na inakula mafuta kidogo. Nikiweka kiazi kingine mtu anauliza kama nimebadilisha mpishi.

MTETEZI: Na Shangi ilitoka maabara gani?

MUUZA CHIPSI: Ilitoka Nyandarua, kila mtu anajua.

MTETEZI: Basi nisikilizeni, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yangu yote. Shangi ilienea kutoka kwa mkulima hadi kwa mkulima, gunia kwa gunia, jirani kwa mkwe, Nyandarua, Nakuru, Meru, kwa miaka, bila cheti wala nembo. Serikali iliisajili rasmi mwaka 2015, wakati tayari ilikuwa imejaa kila karai la mafuta kutoka hapa hadi Mombasa. Hakuna jenomu iliyoitafuta. Na wakati huo huo sheria ya mbegu, sura ya 326, ilivyorekebishwa mwaka 2012, ilisema ukiuza au kubadilishana mbegu isiyosajiliwa unaweza kufungwa miaka miwili au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja. Yaani kiazi kinacholisha nchi kilienea kwa kosa la jinai!

MTAFITI: Na sheria hiyo imepigwa.

MTETEZI: Imepigwa na wakulima 15 walioshtaki mwaka 2022, na Mahakama Kuu ya Machakos ikawapa haki mwishoni mwa Novemba 2025. Tangu marekebisho ya 2012 ilikuwa imepita miaka 13.

MTAFITI: Nafurahi walishinda. Lakini mwalimu, malizia hadithi ya Shangi. Gunia kwa gunia, jirani kwa mkwe, nini kingine kilisafiri ndani ya gunia? Mnyauko ulisafiri, na virusi vikasafiri. Mwaka 2015 nchi hii iligundua mnyoo wa kiazi, ule unaojifungia kwenye vifuko vidogo kama vumbi la dhahabu, ukingoja udongoni miaka kumi na zaidi. Shangi haina kinga dhidi yake hata chembe. Iko jeni ya kinga, H1, inayojulikana tangu miaka ya 1950, na leo kuipima kwenye jani ni kazi ya siku moja. Ukiwa na kiazi kitamu kama Shangi chenye H1, umemwokoa mkulima wa Kinangop shamba lake, si msimu mmoja. Unaniambia niache kukitafuta kwa sababu Shangi ilijileta yenyewe?

MTETEZI: Sijasema uache.

MTAFITI: Umekaribia kusema.

MTETEZI: Nimesema utafute huku ukikumbuka kwamba wengine walitafuta kabla yako, na hawakulipwa.

MKULIMA: Ngojeni kwanza. Mtafiti, umesema mnasoma ukoo kama wa Sahiwal. Mimi nilikuwa na Sahiwal. Ukoo wake ulikuwa mzuri kwenye karatasi, na maziwa nilipata, sitasema uongo. Ukame wa 2022 ulipofika, Sahiwal wangu walilala kabla ya zebu wa kienyeji. Karatasi haikusema uongo. Iliandikwa tu kwenye ranchi yenye majani. Sasa hii hesabu yenu ya jeni inayotabiri mche gani utazaa, ilisomea wapi?

MTAFITI: Hilo ni swali ambalo wenzangu hawapendi kuulizwa.

MKULIMA: Ndiyo maana nimekuuliza.

MTAFITI: Nieleze hesabu yenyewe inavyofanya kazi, halafu unihukumu. Kiazi kina nakala nne za kila kromosomu, jumla 48. Ukipandisha viazi viwili, kila mbegu inayotoka kwenye tunda lake ni mtu tofauti kabisa, kama ndugu waliozaliwa na baba mmoja wakiwa elfu kumi. Kwa mtindo wa zamani unaanza na maelfu ya miche, unapanda, unatupa, unapanda tena, na baada ya miaka kumi au zaidi unabaki na aina moja. Mtindo mpya unachukua mia kadhaa, unaipanda mashambani, unapima kila kitu: uzito, ukungu, ukavu wa unga, idadi ya macho. Unasoma DNA ya kila kimoja. Kompyuta inajifunza alama zipi zinaambatana na mavuno. Kisha unaileta miche mipya ambayo haijawahi kupandwa, unasoma majani tu, na kompyuta inakwambia: hawa ishirini, wengine tupa. Unaokoa miaka.

MKULIMA: Sijapata jibu. Hiyo mia kadhaa ilipandwa wapi?

MTAFITI: Kwa viazi, nyanda za juu. Tigoni, Njabini, Molo, mahali pa aina hiyo. Ndiko viazi viliko.

MKULIMA: Kwenye baridi, mvua na udongo mwekundu.

MTAFITI: Ndiyo.

MKULIMA: Tuala ni udongo mweusi unaopasuka kiangazi mpaka ndama anavunjika mguu. Maji ni ya kisima, yana chumvi, na meno ya watoto wetu yanakuambia yana nini kingine. Ndani ya grinihausi saa saba mchana huwezi kusimama. Hesabu yako haijawahi kukanyaga hapa. Kati ya ile miche uliyoitupa kwa kusoma jani, unajuaje kwamba wangu hakuwemo?

MTAFITI: Sijui.

MTETEZI: Andika hilo.

MWANDISHI: Nimeliandika.

MTAFITI: Liandikwe pamoja na hili. Mzalishaji wa zamani pia alitupa. Alitupa kwa jicho, kule kule Tigoni, na hakuandika alichokitupa. Mimi nikitupa, DNA yake ninayo kwenye kompyuta. Mkiniletea data ya Tuala kesho, naweza kurudi kuuliza upya. Na nitakupa mfano unaokupendelea wewe, mama. Kuna jeni iitwayo Mi, ya kuzuia minyoo fundo kwenye nyanya. Ilitolewa kwa nyanya pori ya Peru miaka ya 1940 na leo iko kwenye mbegu nyingi za haibridi. Udongo ukipita nyuzi joto 28, inalegea. Jeni iko pale pale na alama inasomeka vizuri kabisa, lakini minyoo inaingia. Kwa hiyo unaponiambia mahali pana neno la mwisho, nakubali, na nimewahi kuliona hilo kwenye mizizi.

MKULIMA: Basi pakiti yangu iliyosema "haina shida na minyoo" ilikuwa inazungumzia udongo wa mtu mwingine.

MTAFITI: Ilikuwa inazungumzia udongo wenye nyuzi 25.

MKULIMA: Na huu mti wa miiba unaomea kila mahali hapa, tunaouita entulelei, wenye matunda ya manjano ambayo hata mbuzi anaogopa. Waswahili wanauita mtunguja. Haunyauki. Ukame unakuja, unapita, wenyewe umesimama tu barabarani. Maua yake ni kama ya kiazi. Mbona hamsomi huo?

MTAFITI: Wapo wanaousoma. Ila ukoo wake uko upande wa biringanya, si wa nyanya. Ukipaka chavua yake kwenye ua la nyanya hakuna kinachotokea. Kinachowezekana ni kubandika: shina la biringanya gumu chini, nyanya juu. Kituo cha mboga kimeshauri hivyo kwa mnyauko kwa muda mrefu. Hakuna jenomu hapo, ni kiwembe na kibanio.

MKULIMA: Unaona? Umenihubiria jeni saa nzima, na dawa yangu ilikuwa kiwembe!

MTAFITI: Dawa ya msimu huu. Kila mche unabandikwa kwa mkono, na gharama inapanda. Wajukuu wako wabandike mpaka lini?

MUUZA CHIPSI: Mimi mnanichanganya. Januari 2022, KFC waliishiwa chipsi Kenya nzima kwa sababu meli kutoka Misri ilichelewa. Nchi ya viazi! Watu wakakasirika kwenye mitandao, mimi nikauza kuliko mwezi wowote. Lakini nilijiuliza, kwani Shangi ina ubaya gani kwao?

MTAFITI: Haikai. Baada ya wiki chache inachipua, na sukari yake inabadilika, chipsi zinakuwa nyeusi. Kiwanda kinataka kiazi kinacholala stoo miezi.

MKULIMA: Na mkulima anataka kinachochipua upesi, apande tena mvua ya pili. Kwa hiyo tabia ile ile, kwake ni dhambi na kwetu ni neema. Hiyo nayo kompyuta inaipimaje? Inaiwekea alama ya kuongeza au ya kupunguza?

MTAFITI: Inaweka alama ninayoiambia iweke.

MTETEZI: Tumefika. Nimekuwa nikisubiri uliseme hilo kwa mdomo wako.

MTAFITI: Sikulificha, mwalimu.

MTETEZI: Najua. Wewe hufichi. Wanaofadhili ndio hawaulizwi. Sasa nije kwenye hofu yangu ya kweli, na si GMO. Uganda walifanya kiazi cha Victoria chenye jeni tatu za kuzuia ukungu, kutoka kwa viazi pori vya bara la Amerika. Kilijaribiwa Kachwekano tangu 2015, kikasimama bila dawa. Mswada wao wa usalama wa viumbehai ulirudishwa bungeni na Rais Museveni 2017, kwa hiyo kiazi kikabaki ndani ya ua. Mimi na wenzangu tulishangilia. Leo nikifikiri, kile kiazi kilikuwa na jambo moja zuri: mkulima angekipata mara moja, angekata na kupanda maisha yake yote, angempa na shemeji yake. Kiazi ni mbegu yake mwenyewe. Ndiyo maana Shangi ilishinda sheria.

MTAFITI: Unataka kufika kwa Waholanzi na mbegu yao ya viazi.

MTETEZI: Nafika. Kwa msaada wa kusoma DNA wanatumia kiazi cha nakala mbili badala ya nne, wamekifanya kijichavushe, na wanakizalisha kama haibridi ya nyanya. Wamejaribu hapa Kenya. Wanasema gramu 25 za mbegu zinatosha hekta ambayo leo inahitaji viazi vya mbegu kilo 2,500. Ni habari njema, sibishi. Hakuna lori wala stoo, na mnyauko hausafiri ndani ya gunia. Ila mbegu hiyo ukiivuna wewe, watoto hawafanani na mama. Kila ukitaka usawa ule ule unarudi dukani. Nyanya tulishaipoteza namna hiyo. Leo unanunua Anna F1 kwa punje, unahesabu kama dhahabu. Mnataka na kiazi kiende huko?

MTAFITI: Mkulima wa Nyandarua leo anapanda nini? Mbegu iliyothibitishwa haifiki asilimia tano, takwimu hiyo inarudiwa kila mkutano. Wengine wanapanda vidogo vilivyobaki baada ya kuuza vikubwa, msimu wa nane, vimejaa virusi. Hekta inatoa tani nane au tisa mahali ambapo ingeweza kutoa 30 au zaidi. Huo uhuru wa mbegu, mwalimu, unalipwa kwa njaa. Na tena, zao la kwanza la ile mbegu ndogo ni viazi. Mkulima anaweza kuvikata na kuvipanda misimu kadhaa kama kawaida. Hakuna anayemkataza.

MTETEZI: Hakuna anayemkataza bado.

MKULIMA: Niwaambie kitu, nyote wawili. Mwalimu, ukisema uhuru wa mbegu, unanipa uhuru wa kupanda kitu kinachokufa. Nimechoka nao. Na wewe mwanangu, unanipa kitu kisichokufa ambacho sitaweza kukirudia bila kuuza mbuzi. Mimi nina umri wa kutosha kujua kwamba anayekuuzia maji hapendi kisima chako.

MTAFITI: Ungependa nini, mama? Kama kungekuwa na karatasi ya kuagiza.

MKULIMA: Kuna kona pale nyuma ya tangi, kwenye udongo ulioua nyanya zangu. Sitaunyunyizia chochote. Leta miche yako, ile kompyuta iliyoichagua na ile iliyoitupa, aina zote mbili, bila kuniambia ipi ni ipi. Nitamwagilia kwa kisima changu. Jua litakuwa la Tuala. Atakayeng'oa ni mimi, atakayeandika ni wewe.

MTAFITI: Bajeti ya mradi haina mahali palipoandikwa Tuala.

MKULIMA: Kona ni ya bure. Andika hilo nalo.

MUUZA CHIPSI: Na Shangi muiweke katikati, jamani, tuone.

MKULIMA: Itakuwepo. Atakayebaki amesimama wakati wengine wote wamelala, awe wa kompyuta au wa kutupwa, huyo nitamwomba mbegu.

MTAFITI: Na akiwa haibridi, mama? Mbegu yake haitafanana naye.

MKULIMA: Si ndilo ninalokuuliza tangu asubuhi?